Watoto Wasio na Sura kwenye Kompyuta ya Kibondo

Leo nimeaibika kuanzia Kibondo hadi Kasulu. Makere iko katikati ya njia, kwa hiyo na wao wamepata fungu lao.

Najua wengi wenu mlikuwa kwenye redio ya upepo mchana. Mlisikia mkia tu wa kisa. Naandika kichwa na kiwiliwili kabla Gaspari wa Kasulu hajawaandikia cha kwake. (Barua pepe hii itapita kwenye redio hiyohiyo iliyoniumbua. Kibondo hatuna njia nyingine ya kutoa habari, wala ya kuificha.)

Asubuhi Mzee Rashidi, dereva wetu, alirudi kutoka kambini na mama mmoja kwenye kiti cha mbele. Mama Nduwimana. Kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yamebaki kama madoa. Mwanawe, Nduwimana, alimponyoka mkononi usiku wa kuvuka mpaka kutoka Burundi. Tangu hapo, gari lolote la ofisi yetu likiingia kambini, yeye ndiye wa kwanza kulisogelea.

Juma hili Gaspari alituambia kutoka Kasulu kwamba kwenye kurasa mpya za watoto waliookotwa yumo Nduwimana mmoja, amepatikana upande wa Makere. Disketi ikaletwa. Lakini jina hilo ni la watoto wengi, na mama hasomi. Kilichobaki ni sura. Akiitambua, Rashidi angekwenda kumchukua mtoto kesho. Na kibali cha mama cha kutoka kambini kilikuwa cha leo tu. Saa nane lazima gari liwe limeanza safari ya kurudi.

Kwa wale mnaosomewa barua hii kwa kuwa hamna kompyuta: Gaspari hutengeneza ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Picha ya mtoto anaitandaza nyuma, kama kitambaa cha meza, kisha maandishi anayapanga juu yake: jina, alipookotwa, anachokumbuka. Alichoka na picha za karatasi zinazobanduka na kubandikwa kwenye majina ya wengine. Sisi huku tunafungua kurasa hizo kwa browza, mtoto anatokea kioo kizima.

Na mimi mnanijua. Niliacha shule darasa la sita, mwaka ule baba na mama walipofuatana kaburini, nikabaki Kitahana na pacha wawili wa kulea, Bukuru na Toyi. Ofisi iliniajiri kufagia. Kompyuta nilifundishwa baadaye, na nimeishika kama nilivyoshika kila kitu kingine, kwa meno. Sipotezi kitu bure. Toyi husema jua lingekuwa na swichi, dada angelizima saa sita mchana. (Shikeni neno hilo, tutalirudia.)

Basi. Nikawasha jenereta, nikamkalisha mama, nikaingiza disketi. Kurasa zikafunguka. Nikabonyeza Nduwimana.

Kioo cheusi. Maandishi ya njano. Nembo ya ofisi juu pembeni. Jina lipo, Makere ipo. Mtoto hayupo.

"Yuko wapi?" akauliza mama. Kiha changu na Kirundi chake vinaelewana bila mkalimani.

"Anakuja."

Nikabonyeza kitufe cha kufungua ukurasa upya. Giza na njano. Nikabonyeza tena.

"Anatoka mbali?"

"Anakuja, mama. Kompyuta huchelewa."

Nikafungua mtoto mwingine. Hana sura. Na mwingine. Hana. Kurasa zote za disketi zilikuwa majina yanayoelea gizani. Nikatoa disketi nikaipuliza. Nikaipangusa kwa khanga. Nikazima kompyuta, nikahesabu moyoni kama mtu anayengoja dawa ifanye kazi, nikaiwasha. Mzee Rashidi akaingia, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Binti yangu, hiyo haina antena?"

"Haitumii antena, mzee."

"Ndiyo maana. Shemeji yangu Tanga ana televisheni, picha ikikimbia anaipiga kibao hapa ubavuni. Inarudi na adabu."

"Usiiguse, mzee."

"Sijaigusa. Nimeshauri."

(Alipotoka kwenda kuangalia matairi, niliipiga kibao. Haikurudi na kitu.)

Wanasema kompyuta zote zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia; nikafikiri, labda ya Kibondo imeshindwa kungoja.

Hapo ndipo mama alipoinuka. Akafungua ncha ya kitenge chake, akailowesha kwa mate, akaanza kufuta kioo. Taratibu, kutoka juu kuja chini, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Vumbi la Kibondo mnalijua, lilitoka jekundu. Akasogea nyuma kuangalia. Akarudi kufuta tena.

Hilo nililiona kwa jicho moja tu. Jicho la pili lilikuwa kwenye saa ya ukutani, na hasira zikanipanda. Nikaamua mwenye kosa ni Gaspari. Nani mwingine? Mimi sipotezi.

Nikaenda kwenye redio. Ninyi mnajua mawimbi yetu ni kisima cha kijiji, kila mmoja huchota humo. Nilijua na mimi. Nilitaka mchote.

"Kasulu, Kasulu, Kibondo hapa. Ova."

"Kibondo, Kasulu nakupata. Habari za huko, dada Yusta? Ova."

"Mbaya. Gaspari, umetuletea watoto bila sura. Mama wa watu kakaa hapa tangu asubuhi anaangalia giza. Kama umechoka kazi sema, wapo wanaoitaka. Ova."

Gaspari si mtu wa kujibu haraka.

"Kibondo, hapa kwangu kurasa zilezile zinaonekana. Unaiona nembo ya ofisi juu pembeni? Ova."

"Naiona. Sijaja kuangalia nembo. Ova."

"Nembo nayo ni picha. Kama inaonekana, browza inachukua picha na disketi ni nzima. Zinazokataa ni zile za nyuma ya maandishi tu. Ukurasa una rangi gani? Ova."

"Mweusi. Maandishi ya njano. Ova."



"Dada Yusta, mimi sikuweka nyeusi. Sikuweka njano. Ingia kwenye mipangilio ya browza, sehemu ya rangi. Kuna kisanduku kinachosema itumie rangi zako badala ya zile za ukurasa. Ukikitia alama, browza inatupa kila kilichotandazwa nyuma, rangi na picha pamoja, inaweka rangi yako. Nenda ukaangalie. Ova."

Sikuwa na haja ya kwenda. Nilikuwa nimeshaanza kutoka jasho.

Nilikwenda lakini, kwa ajili ya heshima. Kisanduku kilikuwa pale pale nilipokiacha Jumatatu. Nikarudi kwenye redio kama mtu anayekwenda kuungama, na kanisa limejaa.

"Kasulu, nimeangalia. Ova."

"Kina alama? Ova."

"Kinayo. Ova."

"Nani aliiweka? Ova."

Ningeweza kusema umeme ulikatika. Ningeweza kusema panya. Ningeweza kumsema Mzee Rashidi, na Mzee Rashidi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Mimi. Ova."

Ndipo ikaingia sauti ya tatu, laini, yenye adabu zote za kazi:

"Kibondo, Kibondo, Makere hapa. Tunaomba urudie jibu la mwisho, hatukulipata vizuri. Ova."

(Mlilipata. Wanyama wa pori la Moyowosi walilipata.)

"Ni mimi niliyeweka. Jumatatu. Niliona kioo cheupe kinawaka bure mchana kutwa, nikafikiri kikiwa cheusi jenereta itakula dizeli kidogo. Ova."

Mtu fulani, sitamtaja, alibonyeza kitufe cha kusemea ili kujibu, akasahau kwamba bado anacheka. Tulimsikia wote mpaka alipokohoa.

Kisha Gaspari, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: "Kibondo, jenereta haijui unaangalia nini. Ova na kwaheri."

Nawaambia ukweli nilivyofikiri. Kitahana tulikuwa na kibatari kimoja. Bukuru anataka kusoma, Toyi anaogopa giza, na mafuta ni ya kufika mwisho wa mwezi. Nikajifunza kushusha utambi mpaka moto ukawa punje ya mahindi. Njano kidogo, giza kubwa. Pacha wangu walisoma hivyo, na mmoja yuko sekondari. Jumatatu nilipoipata ile sehemu ya rangi, mikono ilishusha utambi yenyewe. Sikujua kwamba nyuma ya mwanga kulikuwa na watu.

Nikatoa alama kwenye kisanduku. Nikafungua ukurasa.

Mtoto akaja. Kutoka juu, kipande kwa kipande, kwa mwendo wa browza yetu: nywele, paji, macho. Kioo kizima. Mama alisimama. Alikuwa ameniambia asubuhi kwamba Nduwimana wake ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, aliangukia mafiga. Yeye alitazama nyusi kwanza, na mimi nilitazama nyusi kwanza.

Hapakuwa na kitu. Nyusi safi ya mtoto.

Hakulia. Akasogeza uso karibu, kama bado kuna vumbi, akatazama kidevu, akatazama masikio.

"Si uwanje," akasema. Si wangu.

Nikamwambia Kasulu watapelekewa habari ya kovu, kurasa nyingine zinakuja, tutatafuta. Nilisema yote yanayosemwa. Mzee Rashidi akapiga honi mara moja, kwa haya, akaacha. Na mimi mkono wangu, bila kuulizwa, ukaenda kwenye mausi kufunga ukurasa. Kazi imekwisha, mtoto si wake, jenereta inanguruma. Mnanijua.

Mama akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa na vumbi jekundu la kioo.

"Usimzime," akasema. "Na huyu ana mama yake. Huenda naye yuko njiani."

Akajifunga kitenge vizuri, akapanda gari. Mzee Rashidi akaliondoa polepole kuliko kawaida yake, bila utani.

Hayo ndiyo yaliyotokea, mkia mliusikia wenyewe. Gaspari, samahani, na samahani hiyo nitaisema tena kesho redioni ili Makere wasiombe nirudie. Andika kovu: nyusi ya kushoto, mafiga. Nimefungua watoto wote wa disketi mmoja mmoja kuhakikisha wana sura zao. Wanazo. Sasa jioni inaingia, jenereta bado inakula dizeli ya ofisi, na aliyebaki mbele yangu ni yule mtoto wa Makere, nyusi safi, ananitazama nikiandika.

Mnaotaka kucheka chekeni, lakini kwa zamu na kwa sauti ya chini; huyu hapa bado anangoja mtu wake, na leo taa sizimi.