Uso wa Percy na Pampu ya 1517

Jumatano, 2 Machi 1983

Siku kumi kabla ya maonyesho ya chama chetu cha watengenezaji wa treni ndogo za mfano. Mwaka huu kikombe ni changu. Ramsden akitaka, alie.

Sijasahau mwaka jana. Ramsden, katibu wetu, alisimama na lenzi yake mbele ya behewa langu la daraja la tatu, akahesabu vishikio vya milango, akautangazia ukumbi mzima kwamba kimoja kimezidi. Kimoja! Akina mama wa kanisa wakaacha kumimina chai. Masikio yangu yaliwaka moto.

Sasa nasikia anatengeneza injini 1517, ileile iliyovuta treni za bonde letu mwaka 1938. Vema. Nami natengeneza 1517.

Leo nimekwenda kwa Mzee Garside, aliyeiendesha. Ana miaka themanini na minne. Ana picha moja tu: yeye dirishani mwa injini, na Percy, mtia makaa wake, amesimama chini kando ya pampu iliyo ubavuni. Percy aliuawa na bomu mwaka 1941. Mzee amenikabidhi picha kwa mikono miwili. Masharti mawili. Nimwonyeshe Ramsden pia. Na niirudishe Jumapili ya tarehe 13, maana Noreen, binti wa Percy, anakuja kutoka Kanada. Hajapata kumwona baba yake akiwa kazini, na picha hiyo anapewa yeye. Nimeapa.

Njiani nikakutana na Ramsden. Akauliza kama Mzee ana picha yoyote ya 1517. Nikamwambia hana hata kipande. Niliona haya kwa mwendo wa mita mia hivi, kisha zikapita.

Ijumaa, 4 Machi

Nimeibandika picha kwenye ubao isije ikapeperuka. Kazi imeanza!

Sijui wanaajiri nani viwandani siku hizi. Injini niliyonunua ina pampu upande wa kushoto. Picha inaonyesha upande wa kulia, waziwazi. Nimeikata pampu na kuihamisha. Nimesugua ribiti thelathini na mbili, vile vichwa vidogo vya misumari, kwa tupa ya kucha ya Enid, mke wangu. Vishikio nimevitengeneza kwa nyaya za brashi yake ya nywele. Enid hajafurahi.

Ameitazama picha, akauliza mbona koti la huyo Percy limefungwa vifungo kwa upande wa kike. Nikamwambia mambo ya reli awaachie wanaoyajua. Akasema sawa, ya reli hayajui, lakini vifungo anavijua. Wanawake na vifungo!

Jumapili, 6 Machi

Balaa.

Nililaza injini juu ya picha ili nilinganishe. Gundi ya pampu ilikuwa haijakauka. Nilipoinua injini, ubao ukainuka nayo. Nikavuta polepole, nikipumua kwa pua. Injini ikatoka salama, ribiti zote zipo. Uso wa Percy ukabaki kwenye pampu.

Kitu cha kwanza nilichokagua ni pampu, kama imepata mkwaruzo. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Ndipo nikautazama ubao. Kofia ipo, koti lipo, na katikati yake karatasi nyeupe tupu. Nimeaibika peke yangu kibandani, mlango umefungwa. Chakula cha mchana sikukimaliza.

Jumanne, 8 Machi

Mpango! Mimi naweza kuandika namba ya injini kwa brashi ya nywele tatu. Uso utanishinda nini?

Tatizo, Percy alikuwa na kichwa kidogo kama punje ya mchele, nami sikukitazama vizuri kikiwepo. Nilikuwa natazama pampu. Nimemchora mara tatu. Wa kwanza alikuwa kama ana jino linamuuma. Wa pili, paka. Wa tatu si mbaya. Enid amepita na kikombe cha chai, akauliza Ramsden anafanya nini kwenye picha ya Mzee.

Hakuna muda wa kuchora wa nne, atabaki huyuhuyu. Enid ameniambia niende nikamwambie Mzee ukweli leo hii. Nikasema kesho.

Jumamosi, 12 Machi

Sijaenda.

Maonyesho. Watu tele, keki ya tangawizi imekwisha kabla ya saa tano. Mwamuzi ni Mzee Garside mwenyewe. Nikaiona 1517 ya Ramsden. Pampu kushoto! Jamani, nilicheka kwa sauti. Nikaita watu. Nikawaambia njooni mwone kazi ya bwana anayehesabu vishikio vya wenzake.

Mzee akainama, akatazama yake, akatazama yangu. Akasema pampu ilikuwa kushoto. Kaipanda injini ile miaka kumi na miwili, akiigonga pampu kwa nyundo kila asubuhi ya baridi ili iamke.

Nikasema lakini picha! Neno lilinitoka lenyewe.

Akasema picha ile bwana wa gazeti aliichapa kinyume, kushoto ikawa kulia. Ndiyo maana yeye mwenyewe aliandika hivyo nyuma yake, kwa wino. Kwani sikuigeuza?

Ukumbi mzima ukanigeukia. Katika chama chetu picha hugeuzwa kabla ya kutazamwa, usome tarehe na mahali. Ndilo somo la kwanza la mwanachama mpya. Mwalimu wa somo hilo ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Enid alikuwa kando yangu. Alishikashika vifungo vya koti lake tu.

Ramsden akauliza, kwa upole kabisa, picha gani hiyo. Angenitukana ingekuwa nafuu. Kikombe kaenda nacho yeye.

Jumapili, 13 Machi

Chai kwa Mzee Garside. Sitaki kuandika, lakini naandika.

Noreen ana nywele nyeupe. Alivaa miwani kuipokea picha, akavua, akavaa tena. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama baba yake alikuwa na masharubu. Mimi ndiye niliyemtia masharubu, kuficha doa.

Mzee akaichukua. Akaitazama kitambo kirefu. Akanitazama mimi. Nikaomba ardhi ipasuke inimeze. Akamwambia Noreen kwamba ni yeye mwenyewe Mzee aliyeimwagia chai majira ya baridi, macho yamezeeka, na huyu bwana mwema hapa kajitahidi kuitengeneza.

Noreen akanishika mkono, akanishukuru. Akanishukuru! Nikasema si kitu.

Mlangoni Mzee akaniambia Percy alikuwa mtu wa haya sana, na hiyo ndiyo siku pekee aliyokubali kupigwa picha. Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea njia nzima.

Jumatano, 16 Machi

Siku tatu sijagusa tupa. Nimeaibika hadi mifupani. Nimeanza barua ya kumwomba Mzee radhi, nikaichana, nikaanza tena. Nimemwambia Enid mimi ni mtu mpya. Akasema tutaona.

Asubuhi Noreen amepita akielekea stesheni. Ameacha daftari la baba yake, ambalo mama yake alilitunza miaka yote. Humo Percy aliandika kwa mkono wake kila kilichotengenezwa kwenye 1517. Anampa Mzee Garside asomewe, yeye na marafiki zake wa chama. Ameniachia mimi nilipeleke, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuaminika. Nimelipokea kwa mikono miwili, machozi yakinilengalenga. Safari hii nimegeuza kila ukurasa, mbele na nyuma.

Ukurasa wa arobaini na moja: mwaka 1940 bomba la moshi lilibadilishwa, likafupishwa kwa inchi mbili! Hakuna kitabu chenye habari hiyo. Ramsden hajui.

Kesho ni Alhamisi, siku ambayo Ramsden humsomea Mzee magazeti. Daftari nitalipeleka, nimeapa. Ukurasa mmoja tu. Nimebadilisha wembe, nitakata karibu kabisa na mshono, na baada ya maonyesho ya mwakani nitaubandika palepale, kwa gundi nzuri.