Plagi Nne za Baba Wasim

Mwaka juzi, mtaa wetu mzima hapa Tripoli, hii ya Lebanoni, ulikula mchana wa Ramadhani. Mtaa mzima! Muuza kaki, ile mikate ya ufuta, bibi wa ghorofa ya tano anayefunga hata Rajabu, na mimi ninayesimulia. Wa kulaumiwa ni mmoja tu: Nazih, muuza mapazia, ambaye sote tunamwita Baba Wasim.

Siku hiyo shemeji yake, Ghassan, alikuwa amemwalika yeye na mkewe, Mama Wasim, futari kwake Mina, mji jirani wa bandari. Mwaka uliotangulia walichelewa, wakakuta watu wameshakula, wanachokonoa meno. Kwa hiyo Mama Wasim alishaapa: safari hii atakuwa ameketi mezani kwa kaka yake kabla ya kulia mzinga wa ngomeni unaotangaza futari, iwe isiwe!

Tatizo ni kigari chao. Kilikuwa na misi, injini haichomi sawasawa. Kinakohoa, kinarukaruka, kikifika kwenye mataa kinazima.

"Muite fundi Haykal abadilishe plagi," Mama Wasim alimwambia. "Kazi ya robo saa."

"Fundi?" Baba Wasim akapaza sauti balkoni zote zisikie. "Mtu wa kufungua vitu vinne na kuvifunga tena? Mimi nimetundika mapazia ya ikulu, Mama Wasim! Plagi ni nini?"

Ikulu yenyewe ilikuwa saluni moja ya kunyolea. Tuyaache.

Alasiri akateremka na spana, amevaa glavu za waridi za kuoshea vyombo. Sisi tukajipanga kwenye balkoni. Umeme ulikuwa umekatika, televisheni hakuna, na saa ya mwisho kabla ya futari haina miguu.

"Toa moja, funga moja!" nikamshauri kutoka juu.

"Bwana wewe, usinifundishe!"

Akang'oa nyaya zote nne za plagi kwa mpigo, kama anayevuna figili. Plagi mpya akazifunga vizuri, haki yake nampa. Kisha akazigeukia nyaya. Nne, nyeusi, zote sura moja. Akazitazama. Nazo zikamtazama.

"Hazina mpangilio hizo?" akauliza Mama Wasim, tayari amevaa koti la kutokea, sinia la kunafa, ile tamutamu ya jibini, mikononi.

"Umeme ni umeme. Utajua wenyewe pa kwenda."

"Umeme wa nchi hii?" muuza kaki akadakia. "Hata nyumbani kwangu haujui njia!"

Baba Wasim akazichomeka zilivyomjia, akaingia garini, akapiga stata. Kha-kha-kha! Akarudia. Kha-kha-kha! Harufu ya petroli ikapanda hadi ghorofa ya tatu. Imebaki robo saa.

"Twende kwa teksi," Mama Wasim akasema.

"Teksi! Ghassan si atanicheka mpaka Idi?"

Kumbe ndiyo hayo! Ghassan ana gari jipya, na kinywa kipya pia. Baba Wasim akakanyaga mafuta mpaka chini, akazungusha ufunguo kwa hasira zake zote.

BUUU!

Petroli iliyojaa ekzosi bila kuungua ndiyo iliyolipuka, lakini hayo tuliyajua baadaye. Sisi tulisikia mzinga wa ngomeni. Watoto wakashangilia, "Umelia! Umelia!" Tumbo la mfungaji halina saa. Balkoni zote, bismillah! Nilikuwa kwenye bilauri ya pili ya sharubati nilipoona kitu cha ajabu: jua bado limekaa juu ya mapaa, linatutazama.

"Acheni kula!" akapiga kelele Sheikh Munir dirishani, shavu lake mwenyewe limetuna. "Jizuieni mpaka jua lizame, na baada ya Idi kila mtu alipe siku yake!"

Mtaa mzima ukakigeukia kile kigari. Nyuma, moshi mweusi. Mbele, kwenye usukani, Baba Wasim amefumba macho, tende mbili kinywani, anagugumia chupa ya maji. Aliyeupiga mzinga mwenyewe!

"Baba Wasim," mkewe akamuuliza taratibu, "unafanya nini?"

"Si mzinga umelia?"

"Umelia. Umeupiga wewe."

Mama Wasim peke yake hakuwa amekula, maana mikono yake yote miwili ilikuwa na sinia. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Alikwenda mpaka kona, akasimamisha teksi, akaketi, kunafa mapajani. Baba Wasim akamfuata mbio na glavu zake za waridi.

"Ningoje basi, ninawe mikono!"

Mama Wasim alikuwa ameshapiga simu. Dirisha la teksi lilikuwa wazi, sote tulisikia.

"Kaka Ghassan? Niko njiani, nitawahi. Ila punguza sahani moja mezani. Baba Wasim ameshafuturu."