Sikukuu ya Mkurugenzi kwenye Kundi la Simu

Jumatatu, 11 Novemba

Leo mkurugenzi Miodrag alitukusanya kantini, sisi wa zamu ya jioni wa kuchambua rasiberi zilizogandishwa, akasimama mbele yetu kwa sura ya mfiwa. Wajerumani, wateja wetu, wamepokea makasha yenye lebo ya daraja la kwanza, na ndani mna matunda yaliyopondeka. Sababu: zamu ya jioni na zamu ya asubuhi haziambiani kitu. Dawa: kundi la simu la wafanyakazi, na mratibu wa mawasiliano wa kulisimamia. Atateuliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mratibu atafanya kazi asubuhi tu.

Asubuhi tu. Baada ya hapo sikusikia tena.

Mimi niko zamu ya jioni tangu nilipotoka likizo ya uzazi. Nikifika nyumbani Lenka wangu ameshalala, na aliyemlaza ni mama mkwe. Jana mtoto alimwita bibi yake "mama." Kisha akanigeukia mimi akaniita "Nevena." Ana miaka mitatu. Mume wangu Ratko alicheka mpaka akapaliwa na supu. Sikumpiga mgongo.

Mwingine anayeitaka kazi ni Vukosava wa mkanda wetu wa kuchambulia. Anasema magoti yake yamechoka na baridi ya jioni. Yupo hapa tangu ghala lilipokuwa zizi la ng'ombe. Simu yake ni ya kubonyeza, na mawasiliano yake ni kupaza sauti. Mimi shule niliiacha mapema, lakini simu naijua kama mfuko wangu. Nimemhurumia kidogo, mama wa watu.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango wa kwanza: kulichangamsha kundi. Kundi lililonuna halisomwi. Nilipoamka tu nikatuma picha ya kikombe cha kahawa na waridi, na maneno "Siku njema, familia ya baridi." Wakanijibu kwa waridi. Wengine paka. Slobodan, dereva wa foklifti wa asubuhi, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, alituma malaika mwenye kumetameta. Nikajisikia kiongozi.

Jioni mkanda wa pili ukaanza kukwaruza. Fundi aliandika kundini tuuzime haraka. Ujumbe wake ulikaa kati ya malaika na paka, hakuna aliyeuona. Rasiberi zikamwagika sakafuni kama shanga. Vukosava aliingia, akasema "Zima" mara moja tu, na kila kitu kikazima. Nadhani hata friji.

Akapita karibu yangu akaniuliza kama waridi langu linajua kufagia. Nikafagia.

Alhamisi, 14 Novemba

Mpango wa pili, na huu ulikuwa wa akili. Nimefungua ukurasa wa "Sema Bila Jina," mtu aseme la moyoni bila kuogopa. Nimesikia kazi za kisasa ndivyo zilivyo. Siku nzima hakuna aliyesema. Nikaona aibu ukurasa kukaa mtupu, nikauanzisha mwenyewe: "Nevena ana moyo wa dhahabu na anafaa kuwa mratibu." Kisha nikaongeza, ili isionekane ni mtu mmoja: "Naunga mkono. Pia ni mpole."

Vukosava aliomba asomewe, pamoja na saa ya kila ujumbe. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza mbele ya mkanda mzima: saa moja na nusu jioni, sisi sote tukiwa na glavu mbili mbili mikononi, ni nani aliyekuwa na vidole vya kuandikia? Watu wakaangaliana. Kisha wakaniangalia. Saa moja na nusu ndiyo zamu yangu ya mapumziko.

"Na kweli ni mpole," akasema. "Wawili wamethibitisha."

Nyumbani Ratko kanishauri niache. Nimemwambia yeye anaachaje mtoto amwite mama yake kwa jina, kama karani wa posta.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimepata. Utamaduni wa kazi. Mkurugenzi alilitaja neno hilo mara nyingi, na nimegundua maana yake: watu wakumbukane. Na hapa kwetu watu hukumbukana lini? Siku ya mtakatifu wa ukoo, maana kila ukoo una mtakatifu wake na sikukuu yake.

Kundi lina kalenda. Nitaingiza sikukuu ya kila mtu, simu ilie siku moja kabla, wote wampongeze. Nimeanza na mkurugenzi. Ukoo wake ni wa Malaika Mikaeli, Alhamisi ijayo. Nimeweka jina, nyumba, mtaa, na saa ambayo hukatwa mkate wa sikukuu. Kalenda ikaniuliza nani aone, nikabonyeza "wote." Wote ni sisi wa ghala hili. Siku hiyo nitafika na sahani ya keki ya jozi, nikiwa wa kwanza kumpongeza, na kesho yake ndiyo uteuzi.

Lenka leo aliniruhusu nimvalishe soksi. Moja.

Jumatano, 20 Novemba

Simu zimelia.

"Wote" si ghala letu tu. Ni asubuhi, jioni, madereva, wakulima wanaotuletea matunda kutoka kila kilima, na ghala jingine la kampuni, la ng'ambo ya mto. Vidole gumba vya kukubali vinaingia kama mvua ya mawe. Mkulima mmoja ameuliza kama aje na shemeji zake.

Nikaandika mbio kwamba jamani, huu si mwaliko. Slobodan akajibu kwamba hilo anajua, kwani sikukuu ya ukoo ina mwaliko? Haalikwi mtu. Anayekumbuka anakuja, na mwenye nyumba hamrudishi. "Na sasa umetukumbusha, dada. Mungu akubariki."

Nikafuta tangazo. Simu zikalia tena: sikukuu ya mkurugenzi imefutwa. Watu wakaanza kumpa pole kwa msiba. Nikairudisha.

Nimeoka keki mbili zaidi. Mama mkwe kanitazama, akavunja mayai bila kuuliza. Yale mayai yaliniuma kuliko maneno.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku hii ghala hufungwa. Ingekuwa heri lisingefungwa.

Desanka, mke wa mkurugenzi, alikuwa ameandaa ngano tamu ya sikukuu na kabichi zilizokunjiwa nyama kwa ndugu wachache. Nilipofika na keki zangu, foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imepita banda la kuku, imeingia kwa jirani. Jirani naye anasherehekea Mikaeli. Baadhi ya wakulima walikuwa wameshakula kwake, wanamsifu mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa amesimama kizingitini, maana siku hiyo mwenye nyumba hakai wageni wakiwa mezani. Anashika mikono ya watu asiowajua, anasema karibuni, karibuni, jasho linamtiririka. Mshumaa wa sikukuu ulitaka kumchoma mkulima mgongoni. Desanka alikuwa jikoni ameegemea jiko, anaongea na sufuria.

Ndipo akaingia Vukosava. Akatazama nyumba kama anavyotazama mkanda.

"Zamu ya asubuhi mnakaa. Ya jioni mnasimama uani. Wakulima kuni, mikono yenu si pambo. Mkimaliza supu mnatokea roshani, sitaki mtu wa kuongeza. Nevena, mwanangu, weka hiyo simu chini uoshe sahani."

Nyumba ikaenda. Zikaingia zamu kwa zamu, na kila aliyekuja alionja ngano. Mimi niliosha. Kwa mara ya kwanza zamu ya asubuhi na ya jioni zikawa mahali pamoja, na mara nikamsikia Slobodan, mnene kuliko malaika wake, akituuliza kwa nini sisi wa jioni tunawafungia utepe wa bluu kwenye makasha yaliyokwisha kaguliwa. Yaliyokaguliwa? Utepe wa bluu maana yake yamepondeka. Wao wamekuwa wakibandika lebo ya daraja la kwanza juu ya utepe huo tangu kiangazi.

Mkurugenzi akiwa amesimama na chupa ya mvinyo, akamtazama Slobodan, akanitazama mimi nikiwa na povu mpaka viwikoni.

Kisha Vukosava akasema zamu inayofuata iingie.

Ijumaa, 22 Novemba

Mratibu wa mawasiliano ni Vukosava. Watu walipiga makofi. Hata mimi, kwa sababu mikono ilikuwa inaangaliwa.

Mkurugenzi aliniita pembeni. Alisema mgeni aliyekuja mara moja huja kila mwaka, na Desanka ameniombea mambo fulani kwa Malaika Mikaeli ambayo yeye hatayarudia. Nikaanza kulia. Nikamweleza habari ya Lenka, ya kuitwa Nevena. Sikupanga, yalinitoka tu.

Vukosava, aliyekuwa anasikiliza mlangoni bila kujificha, akasema yeye hataki simu ya kupapasa. Anataka mtu wa kuandika yale atakayosema. Asubuhi. "Huyu hapa. Vidole anavyo, tumeshahakikisha."

Naanza Jumatatu. Zamu ya asubuhi. Nimeshinda, ukiangalia kwa upande.

Jumatatu, 25 Novemba

Vukosava kanikataza picha zote, akaniamuru nifute ule ukurasa wangu. Kundi zima sasa ni ujumbe mmoja: "Bluu ni mbovu." Hakuna utamaduni hata kidogo.

Jioni nilikuwa nyumbani mapema, nimenawa, nimechana nywele. Nikambeba Lenka kumlaza. Akalia anamtaka bibi. Mama mkwe akasema tumpe siku chache, atazoea, nikae tu karibu naye. Siku chache! Mtu mzima hajui mawasiliano.

Kwa hiyo nimefungua kundi la familia: mimi, Ratko, mama mkwe. Nimeweka kura ya nani amlaze Lenka. Mama mkwe aliniuliza anabonyeza wapi, nikamwonyesha, akajipigia kura yeye mwenyewe. Ratko naye akampigia mama yake. Basi nikawaingiza shangazi wote wa Ratko wa mjini Užice, ili haki itendeke.

Wamempa kura zote mama mkwe, na Jumapili wanakuja kula. Nafungua kundi jingine, lisilo na mtu wa upande wao. Kalenda ya kumlaza Lenka nimeshaiweka, na iliponiuliza nani aone, nimebonyeza "wote."