Sabuni ya Oilenrok

Wiki zile za Azimio, Serikali ilipotwaa viwanda vikubwa vya wageni, Kornelio wa Mtoni alisoma gazeti kwa makini kuliko waziri. Majengo yameandikwa, mitambo imeandikwa, hata malori. "Mbona majina hayamo?" akajiuliza. "Na siri za ufundi walizo nazo watu vichwani?" Mali isiyoshikika, tena haina mlinzi! Mjanja gani angelala?

Kiwanda hakuwa nacho, akakiunda kichwani. Jina alilipata kwa kulisoma lake kutoka nyuma: Oilenrok. Mie ninayesimulia naona haya kusema kwamba nami niliapa ni cha Ujerumani.

Akaenda kwa Sesilia, aliyechemsha sabuni ya mafuta ya nazi uani kwake. Sabuni ilikuwa nzuri, ila majirani waliipita wakifuata ya dukani, yenye jina la Ulaya.

"Shikamoo mama. Wenye Oilenrok wameondoka. Wameniachia jina na siri."

"Marahaba. Siri gani?"

"Koroga kwa mkono wa kulia tu. Na kila mche uupige muhuri wa jina."

"Basi?"

"Mama, Wazungu wametajirika kwa hilohilo!"

Akamwandikia karatasi ya makabidhiano, akaondoka na redio ya mama kama malipo. Mama wa watu alikuwa na redio hiyo moja tu.

Miezi mitatu baadaye Temeke nzima iliulizia Oilenrok. Sesilia alikwisha kubuni ya karafuu, ya mchaichai, na ya kuogeshea watoto. Kornelio roho ikamuuma, akamburuta hadi kwa Benedikto, balozi wa nyumba kumi.

"Jina ni langu, mzee! Lisome kinyumenyume."

Balozi akalifuata kwa kidole. "Kweli. Kumbe kiwanda hakikuwepo?"

Kornelio akapiga hesabu. Kikiwepo, jina si lake. Kisipokuwepo, yeye ni mwizi wa redio.

"Kilikuwepo," akasema, "ila kidogo."

Sesilia akacheka mpaka machozi, kisha akatoa cheti. "Jina nimelisajili, baba."

"Basi rudisha redio, ndugu," balozi akaamua. "Na jina hili usilitumie bila ruhusa ya mama, lisomwe mbele au nyuma."

Jioni Kornelio akafika mlangoni na redio begani. "Hodi!"

"Nani?" akauliza Sesilia.

Kornelio akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. "Mie," akasema.