Protini ya Mtoto Aliye Tumboni Kukutwa kwa Mzee Mansuetus

Mansuetus Kinunda,
Kata ya Ruanda,
Mbinga.

Kwa Daktari Yuliana,
Chumba cha Wagonjwa wa Nje.

YAH: MALALAMIKO YA KUNYIMWA HAKI ZA MJAMZITO

Daktari, binti yangu,

Marahaba. Siku ile uliniamkia vizuri, nami sikuitikia kwa sababu ulikuwa umeshika majibu yangu na uso wako haukunipendeza. Naitikia sasa kwa maandishi.

Utakumbuka nilimsindikiza Luisa, mke wa mwanangu Izidori, kliniki ya wajawazito. Kwa kuwa sipendi kukaa bure, nikajitolea kutoa damu. Mkakuta virusi vya homa ya ini, mkaomba damu nyingine, mkapima kitu kinachoitwa alfa-fetoprotini. Luisa naye alipimwa kitu hichohicho. Majibu yakaja kwamba sote wawili imepanda. Yangu ilikuwa tarakimu ndefu kama namba ya simu.

Nilipokuuliza maana yake ulisema, "Mzee, protini hii hutengenezwa na ini la mtoto aliye tumboni. Kwa mtu mzima huwa kidogo sana."

Uliendelea kusema mambo mengine kuhusu ini na kipimo cha picha, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Hakuna usawa. Protini ya Luisa ilipopanda, alipelekwa kupigwa picha, wakaonekana mapacha, wauguzi wakapiga vigelegele hadi koridoni. Yangu imempita yeye mbali, wala hakuna aliyepiga hata makofi. Kama yake ni watoto wawili, naomba nielezwe kwa maandishi wangu ni wangapi.

2. Sikupewa kadi ya kliniki wala chandarua. Nilipokaa kwenye benchi la wajawazito, muuguzi aliniomba kwa upole nimpishe mwenye mimba. Nilimwonyesha majibu yangu. Akayasoma, akaniletea kiti changu peke yangu. Nilikikubali, lakini kiti si chandarua.

3. Nyumbani sieleweki. Nimemwambia mke wangu Scholastica kwamba katika hali yangu siwezi kubeba magunia ya kahawa. Akajibu kwamba katika hali yangu nisiguse pombe ya kangala pia, kwa kuwa wewe ulikataza. Nina hamu ya samaki aina ya mbasa, na awe wa Lituhi kule ziwani, wa kuchoma. Scholastica amenipikia mlenda. Yeye nilimbebea mimba sita bila kumnyima kitu, maana yangu ni kwamba yeye alizibeba na mimi nilikuwepo.

4. Jina langu limechafuka. Katekista Bartholomayo, niliyemshirikisha kwa siri, aliniuliza kama baba wa mtoto ni Mkatoliki. Siri hiyo haikulala kwake. Tangu hapo wanaume wa kijiji wananitazama wakijipima nani kati yao anashukiwa, na mmoja ameacha kabisa kunisalimia. Naomba hospitali iandike barua, yenye mhuri, kwamba mimba hii haina mwanaume.

5. Kipimo cha picha ulichoniandikia nakikataa. Luisa alipigwa picha akiwa na furaha, na furaha ikaonekana. Mimi sina furaha, na naona picha hizi huonyesha kile mtu alichoingia nacho. Tena mjamzito wa umri wangu hapaswi kusumbuliwa. Niandikie tu tarehe ya kujifungua, nami nitasubiri nyumbani kwa utulivu, hata ikiwa ni miaka kumi.

Natumaini utayashughulikia haya kabla tumbo halijawa kubwa likanizuia kuja mwenyewe kufuatilia.

Nisalimie wauguzi wote, yule mama wa maabara mwenye mkono mwepesi, mlinzi wa getini, na wajawazito wenzangu wote, nikiwaombea wajifungue salama.

Ni mimi, mwenye uzito wangu,
Mansuetus Kinunda

Nyongeza: Barua hii niliisahau mezani na Scholastica akaisoma. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliikunja polepole, akasema, "Baba Izidori, woga wako umeuandika vizuri. Sasa vaa viatu."

Tukaja. Wewe hukuwepo, alikuwepo mwenzako. Picha imeonyesha uvimbe mdogo upande mmoja wa ini, na vipimo vilivyofuata vimethibitisha kuwa ni saratani. Mwenzako anasema haijasambaa, na kwamba kama nisingetoa damu siku ile, tungeigundua ikiwa imekwisha kuwa kubwa. Inaweza kukatwa, ila si hapa, ni Dar es Salaam. Scholastica na watoto wote nao wamepimwa homa ya ini. Ambao hawana wamechanjwa.

Kwa hiyo malalamiko yote matano nayafuta. Siku ile nilikusikia vizuri, Daktari, mpaka neno la mwisho. Nilichagua kuwa mjamzito kwa sababu mjamzito huwa anajua mwisho wake.

Tunaondoka Alhamisi kwa basi la asubuhi. Mizigo imefungwa. Naogopa sana, lakini nakwenda.