Ombi la Kutambuliwa Rasmi Kuwa Janga

Kwa Mwalimu Mkuu, mlezi wa binti yangu saa za mchana,

Shikamoo kama umenipita umri. Kama nimekupita mimi, basi naipokea yako nikiwa huku huku niliko.

Mimi ni baba wa yule msichana wa darasa la nne anayevaa filimbi shingoni. Najua unamjua. Nyumbani tunamwita Kamanda, na mwanzoni lilikuwa jina la utani. Kazi yangu ni kufunga nondo kwenye majengo marefu, mbali sana na kwetu. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea adabu mahali, tafadhali laumu darasa la saba.

Nilikwenda nyumbani likizo kupumzika. Sasa nimerudi kazini, kupumzika. Sababu ni somo lenu jipya la Kujikinga na Majanga, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu viatu. Mwalimu wa somo hilo amewaambia watoto kila nyumba iwe na begi la dharura karibu na mlango. Nililikuta. Lina tochi, maji, bendeji, biskuti, na viatu vyangu vyeusi vya harusini. Nilipotaka kuvivaa nikamsalimu shemeji, niliambiwa hivyo si viatu tena, ni vifaa. Nikaenda na ndala. Shemeji alinitazama miguu kwa muda, kisha akaniuliza kwa huruma kama kazi huko imekuwa ngumu.

2. Kuhusu mama mkwe. Hili naliandika nimeinamisha uso. Anaishi chumba cha uani pale kwetu. Alikuja kunitazama, tukawa mezani, tunazungumza kwa ile heshima ya mkwe na mkwe, kila mtu macho kwenye sahani yake. Filimbi ikalia. Kamanda akatangaza tetemeko la ardhi. Sijui kama umewahi kukaa chini ya meza na mama mkwe wako, Mwalimu. Meza yetu ni ndogo, nami ni mtu wa mabega. Tulikaa goti kwa goti, kila mmoja amekumbatia mguu wake wa meza, tukiombana radhi kwa zamu, mpaka Kamanda aliporidhika kwamba ardhi imetulia. Kisha akatangaza matokeo: bibi amefaulu, baba atarudia. Nikarudia, peke yangu, na mama mkwe amesimama juu yangu akinielekeza, "Kisogo, baba, ficha kisogo!" Heshima tuliyoijenga tangu siku ya posa ilibaki chini ya ile meza, na sidhani kama kuna atakayeinama kuiokota.

3. Kuhusu neno la siri. Hili lilitokea kabla ya hayo mawili, siku niliyofika, lakini nimekuwa nikilikwepa. Somo lenu linasema mtoto asimfungulie mtu mzima yeyote asiyejua neno la siri la nyumba, hata akidai ni ndugu. Nilifika jua kali, begi begani, nikagonga geti langu mwenyewe. Sauti ndogo ikauliza neno. Nikasema ni mimi, baba yako. Ikajibu kwamba hivyo ndivyo wanavyosema wote. Mwalimu, wote kina nani?

Nikajaribu jina la mama yake, la bibi yake, la paka. Majirani wakatoka. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaacha nguo ya watu nusu, akaja kunisaidia kubahatisha. "Jaribu 'sukari', mzee! Kwangu ilikuwa 'sukari'!" Kumbe mtaa mzima mmeufunga. Mke wangu alikuwa ndani, na ufunguo anao, lakini alikuwa anacheka hata kusimama hawezi. Mwishowe akanionea huruma, akapaza sauti: sema lile unalotuambia kila siku kwenye simu. Nikasema, "Sikusikii vizuri." Hapana. Nikasema, "Wasalimie wote." Hapana. Fundi akanitazama. Nikalijua. Nikalisema polepole, mdomo karibu na bati:

"Mwezi ujao."

Geti likafunguka.

Nilimwuliza Kamanda kwa nini walichagua hilo. Akanieleza kama mlivyomfundisha, kwamba neno zuri ni lile ambalo mgeni hawezi kulidhania na mtu wa nyumbani hawezi kulisahau. Nikaomba maji ya kunywa, nikaambiwa yaliyo karibu ni ya dharura.

4. Kuhusu kuhesabiwa, na hapa ndipo penye kidonda. Jumamosi asubuhi nilikuwa naoga. Filimbi ikalia, safari hii ni moto. Nilisema ngoja nisuuze. Nikajibiwa kupitia dirishani kwamba moto hausubiri mtu asuuze. Nikatoka na taulo, povu kichwani, mbio hadi kwenye tangi la maji la jirani, ambapo ndipo mahali petu pa kukutania. Kamanda akaita majina. Mama, yupo. Bibi, yupo. Mdogo wake, yupo, analia. Paka hakuitika, lakini alionekana juu ya ukuta, akahesabiwa. Kisha akapiga filimbi akasema, "Wote tumetimia."

Mimi nimesimama pale pale, Mwalimu, nachuruzika povu. Nikanyoosha mkono. Akaniambia niushushe, zoezi limekwisha.

Nimelifikiria jambo hili huku juu ghorofani, nikikaza waya, na nimeona kosa liko wapi. Moto una mlango wake wa kutokea. Mafuriko yana rafu ya juu. Tetemeko lina meza. Sasa mimi, ninayeiangukia nyumba bila tahadhari, nikavuruga mpango wa vitanda, nikagusa maji ya akiba, kisha nikaondoka nikiacha watu wakifuta machozi, sina mpango wowote. Paka ana mpango.

Kwa hiyo naomba nitambuliwe rasmi kuwa janga la nne. Watoto wafundishwe dalili zangu: mama anaimba jikoni bila sababu, godoro limeanikwa juani. Wafundishwe na hatua za kuchukua: kufungua geti, kunirudishia viatu, kunihesabu. Nipo tayari kuja kufanyiwa mazoezi mbele ya darasa. Na kama hilo haliwezekani, basi lifuteni somo lote. Afadhali tuungue sote tukiwa tumehesabiwa.

Nisalimie walimu, mpishi wa shule, na mlinzi wa geti, ambaye hana kosa. Huyo mwalimu wa majanga naye mwambie kisogo nimeanza kukificha vizuri.

Ni mimi, niliyekuwepo na sikuhesabiwa,
Baba yake Kamanda

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa sijafunga bahasha, simu ikalia nikiwa kazini. Kamanda, anahema. "Baba, moto! Mama katoka, bibi katoka, mdogo katoka, paka hatujui! Umewashika?" Nikauliza niwashike vipi. Akanieleza, kwa ule uvumilivu wa watu wenye vyeo, kwamba hili ni zoezi, na kwamba kila familia lazima iwe na Mtu wa Mbali, asiyeungua nao wala kuzama nao, ili wakipotezana kila mmoja ampigie yeye, naye awakutanishe. Mwalimu wenu alipouliza darasani nani ana mtu wa namna hiyo, wengine walitazamana. Yeye alinyoosha mikono yote miwili. Ndiyo maana siitwi pale kwenye tangi. Mtu wa Mbali haitwi, anapigiwa. Kumbe ile Jumamosi, na taulo langu, nilikuwa mtoro kazini.

Basi ombi langu lichaneni. Somo liendelee, ongezeni hata vimbunga. Viatu wakae navyo. Msimamizi ameuliza kwa nini simu haitoki mkononi, nimemwambia nina vyeo viwili. Paka ameonekana, nimepigiwa sasa hivi.

Kabla Kamanda hajakata aliniuliza nakuja lini. Nikamwambia lile lile langu, mwezi ujao. Akasema, "Sahihi, baba. Pita."