Kisanduku cha Kiasi Kingine

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu, Idara ya Ukomo wa Madeni itamjulisha kila mwenye kadi ya mkopo siku atakayomaliza kulipa. Atakayekosa tarehe atakaa benchini mpaka ipatikane, bila kujali cheo. Waraka huo aliusaini Mkurugenzi mwenyewe, kwa wino wa kijani.

Fundi cherehani alifika wa kwanza, tepu shingoni. Cherehani yake aliinunua kwa kadi, na sasa bila cheti cha tarehe hapewi leseni. Bila leseni, kibanda kinafungwa Ijumaa, yeye na wanawe watakula hewa.

Karani akabofya kompyuta. "Deni laki sita. Riba kwa mwezi elfu kumi na nane. Malipo ya chini elfu kumi na nane. Utamaliza: milele. Benchi lile pale, mama."

"Jamani! Si ninalipa riba tu, deni linabaki palepale? Hata mtoto analiona hilo!"

"Ndiyo maana tukanunua kompyuta."

"Na nikilipa elfu sitini?"

"Fomu haina kisanduku cha elfu sitini." Fundi akajitupa benchini, akilalamika kwa sauti.

Mkurugenzi akatoka ofisini, kitambi kikitangulia. "Kelele za nini?"

"Huyu mama anataka kumaliza deni, bosi."

"Kumaliza? Kwa utaratibu upi?" Akachomoa kadi yake ili atoe somo. "Tazama raia mwenye nidhamu. Miaka tisa nalipa ya chini, sijachelewa hata siku moja."

Karani akabofya. Akabofya tena. Akasimama, kwa heshima. "Milele, bosi."

Bawabu, aliyeubandika waraka ukutani kwa mikono yake, aliusoma kwa sauti mpaka pale kwenye cheo. "Samahani, mzee. Sogea kidogo, mama, mkuu akae."

Akakaa. Benchi lilikuwa gumu balaa. Zabuni ya kulinunua aliipitisha yeye mwenyewe. Nusu saa haikuisha. "Leteni fomu!" Akachora kisanduku kwa mkono wake: *Kiasi kingine*. Karani akagonga muhuri.

Fundi, kwa kuwa ndiye wa kwanza kwenye foleni, akaandika elfu sitini. Miezi kumi na mitatu! Akapiga kigelegele palepale bila kuomba kibali, cheti mkononi.

Mkurugenzi naye akashika kalamu. Akapapasa mfuko huu, akapapasa ule. Akakiacha kisanduku kitupu.

Fundi akamhurumia kwa dhati. Akavua tepu. "Mkuu, nikushonee mto wa kukalia?"

"Utakuwa umeniokoa, mama." Akamnyooshea kadi.

"Hapana, baba. Mimi napokea taslimu."